Swali la Kumi na Mbili Ambalo Sikumuulizia Kaka

Mchungaji, wifi yangu na wanao, majirani, wafanyakazi wenzake wa gazetini, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi kwenye viti hivi vya kuazima, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi cherehani, na familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo mkisikia sentensi imepinda mjue aliyekuwa akininyooshea ndiye huyu aliyelala mbele yetu, na Mchungaji ameniomba nisirefushe, ila kuna jambo moja ambalo nisipolisema mbele zenu na mbele za Mungu sitaweza kuinuka hapa, nalo litakuja mahali pake.

Kaka yetu alizaliwa siku ya Jumanne tarehe 14 Machi 1961, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, baba yetu alikuwa fundi wa breki za mabehewa na mama yetu mpishi wa shule, wote wawili wametangulia, na mkunga aliyempokea alisema mtoto huyu ametoka macho wazi anakodolea dari, mama akamjibu kwamba mwache akodoe, dari lenyewe linavuja, pengine ataona panapovuja.

Alianza shule ya msingi Januari 1968 akamaliza 1974, akaendelea na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, na katika miaka hiyo ya shule ndipo lilipompata lile lililomshika maisha yake yote, maana ng'ambo ya barabara alikaa fundi saa aliyekuwa na televisheni pekee mtaani, na kila Jumamosi jioni tuliketi sakafuni kwake kutazama tamthilia ya chombo cha angani kilichopotea na watu saba ndani yake, wanatafuta njia ya kurudi kwao, wiki hadi wiki, na mwezi wa Agosti 1974 fundi saa akahama na televisheni yake kabla tamthilia haijafika mwisho, kaka akabaki hajui kama wale watu walifika.

Siku moja akakuta kwenye meza ya vitabu vilivyotumika, karibu na posta, kitabu chenye chombo kilekile kwenye jalada, na mwenye meza, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, akamruhusu akisome palepale bila kukiondoa, basi kaka akakisoma siku kumi na tisa akiwa amesimama, na mimi, Mungu anisamehe, nikamchongea kwa baba kwamba hacheleweshwi na shule bali yuko posta anapoteza muda, baba akamfuata, nikajua leo atachapwa, kumbe baba alisimama nyuma yake akasoma ukurasa mzima begani kwake, kisha akamwambia, "Treni ya saa nane yenyewe haijafika, wewe unangoja chombo cha angani," wakarudi nyumbani wanacheka, na kuanzia jioni ile tukamwita Sayari.

Jambo lililomsumbua ni kwamba kitabu kiliisha na wale watu saba walikuwa bado hawajafika kwao, wameketi kwenye viti vyao vilevile, wazima, wanacheka, kama vile mateso yote ya kurasa mia mbili hayakuwagusa, naye hakuelewa kwa nini, hadi alipokuwa mtu mzima akaelewa, akatueleza sisi wa nyumbani kwa mfano ambao mtausikia tena, kwamba vitabu vya namna hii huandikwa baada ya filamu au tamthilia kupendwa, mwandishi hupewa watu ambao si wake, akaambiwa waandikie safari, lakini usimuue yeyote, usimwozeshe, usimkate kidole, uturudishie kama ulivyowakuta, kaka akaiita sheria ya sufuria, ukiazima sufuria kwa jirani unaruhusiwa kupikia chochote ila uirudishe haina tundu.

Baada ya kozi ya uchapaji ya miaka miwili aliajiriwa siku ya Jumatatu tarehe 2 Februari 1981 katika kiwanda cha uchapaji cha gazeti, kama msahihishaji, yule anayesoma kurasa kabla hazijachapwa na kukamata makosa, akakaa kwenye meza ileile chini ya dirisha lililopakwa rangi kwa miaka thelathini na mitano, na wenzake mlioko hapa mnajua kwamba hakuna kosa lililompita, mhariri mmoja alisema Sayari akisoma tangazo la ndoa hata bwana harusi anasahihishwa.

Jumamosi tarehe 5 Septemba 1987 alipewa nusu ukurasa wa kuhakiki vitabu, kila baada ya wiki mbili, mhariri akidhani ataandika juu ya vitabu vya watu wazima, yeye akaandika juu ya vile vya chombo cha angani, na hakuacha, alisoma kila kitabu mara tatu, ya kwanza kwa njaa, ya pili kwa penseli, ya tatu akitafuta ni wapi mwandishi alijaribu kupitisha kitu chake mwenyewe bila wenye tamthilia kumwona, na hapo ndipo alipokuwa akiandika, hakusema kitabu kizuri au kibaya, alisema, ukurasa wa tisini rubani anakumbuka harufu ya mkate, harufu hiyo haikuazimwa, ni ya mwandishi.

Walimcheka, hasa yule mwenzake aliyekuwa akihakiki mashairi, ambaye yupo hapa leo na amenipa ruhusa niseme, alimwambia, "Sayari, wewe unahakiki kivuli, mti umeuacha," kaka akamjibu, "Jua likiwaka, ndugu yangu, nitakukuta kwenye mti au kwenye kivuli?" na tangu siku hiyo wakawa wanakula pamoja.

Hapa nikiri kosa dogo kabla ya lile kubwa, mwaka 1993 niliishiwa karatasi ya kukatia vielelezo vya nguo nikachana kurasa nne katika kitabu kilichokuwa mezani kwake, nikakata kola ya mteja, sikusema, na Jumamosi iliyofuata nikasomewa gazetini, mbele ya watu wote, kwamba mhakiki hana maoni juu ya kurasa 61 hadi 64 kwa kuwa ziko shingoni mwa mtu, na mpaka leo wateja wangu wa zamani huniuliza kola hii ni ya kitabu gani.

Pamoja na kuhakiki aliwahoji waandishi wenyewe, jumla arobaini na mmoja, na utaratibu wake ulikuwa mmoja, aliwatumia kwanza barua yenye maswali kumi na moja, ili wajiandae, kisha akawapigia simu na kinasa sauti kikiwa mezani, na swali la kumi na mbili hakuliandika kwenye barua, alilitoa mwishoni bila kupiga hodi, nalo lilikuwa hili, kama ungeruhusiwa, ungefanya nini ambacho wenye tamthilia walikukataza, na hapo ndipo watu walipofunguka, mwuza dawa mmoja aliyeandika vitabu vitano baada ya kazi alisema angempa rubani kitabu kizima cha kulala usingizi maana yule mtu hajawahi kulala, na mwingine alisema angempa nahodha mama, akaanza kulia, kaka naye akaacha kaseti izunguke hadi ikaisha.

Kaka alifunga ndoa siku ya Jumamosi tarehe 17 Desemba 1988 na mpiga chapa wa gazeti hilohilo, huyu wifi yangu mnayemwona, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga chapa uhakiki wake na siku moja akamwuliza, "Watu wa angani unawasoma mara tatu, mimi utanisoma mara ngapi?" naye kaka, ambaye hakuwa msemaji, akasema, "Mara tatu, ya tatu sitaimaliza," na Mungu akawajalia watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 1990, sasa ni mwalimu wa hesabu, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1994, sasa ni fundi umeme katika mji wa mbali, mwendo wa saa kumi na moja kwa basi.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2016 lakini nusu ukurasa wake hakuuachia, na mwezi wa Agosti 2018 sauti yake ilianza kukwaruza, tukadhani ni mafua, tukamchemshia tangawizi, kumbe ni uvimbe, madaktari wakaupima wakauita kwa jina lake, saratani, na tarehe 22 Januari 2019 wakamfanyia upasuaji, wakaondoa kisanduku cha sauti, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia, na kuanzia siku hiyo kaka yetu, aliyeishi kwa kuuliza watu maswali, hakutoa tena neno kwa kinywa chake, akawa anaandika kwenye kadi zilezile alizokuwa akiandikia maelezo ya vitabu.

Sasa nifike kwenye lile jambo, naomba mnivumilie.

Mwandishi wa kile kitabu cha posta alikuwa mwanamke, aliandika vitabu tisa vya chombo kile na hakuwahi kuhojiwa na mtu yeyote, kaka alimwandikia barua kila Januari tangu 2008, barua kumi na moja zikaenda bila jibu, na ile ya kumi na mbili, ambayo wifi aliipeleka posta wiki ileile ya upasuaji, ikajibiwa mwezi wa Februari, kwa kadi yenye mstari mmoja, "Nipigie Jumamosi tarehe 13 Aprili saa nne asubuhi, usichelewe, mimi ni mzee," kaka akaisoma, akaishika kifuani, kisha akaniandikia mimi, wewe ndiye utakayeuliza.

Nilikataa, nikamwambia, "Kaka, mimi na darasa la saba langu nitamwuliza nini mtu wa vitabu tisa, mwambie wifi," akaandika kwamba wifi atalia, wewe unajua kupima watu, mpime huyu, na kweli Jumamosi ile tukakaa kwenye meza ya chakula yenye kitambaa cha plastiki, simu tumeiweka spika, kinasa sauti kando, kaka ananipa kadi moja moja nami nasoma kwa sauti, na yule bibi akawa mcheshi kuliko nilivyotarajia, katikati akauliza, "Nani huyo anahema hapo kama mtu anayepuliza moto?" nikamwambia ni kaka, ndiye mwenye maswali, hana sauti, akasema, "Basi mwambie asogee, ahemee karibu na simu, nimsikie," na kaka akasogea, akahema, na bibi akaendelea kujibu akiwa anamjibu yeye, si mimi.

Tukamaliza kumi na moja, kaka akanipa kadi ya kumi na mbili, nami nililijua swali hilo tangu ujana, nikafungua kinywa, lakini kadi haikuwa na swali la siku zote, iliandikwa hivi, nawasomea kama ilivyo, "Kwa vitabu tisa umewarudisha watu wako wote wazima. Mtu anayejua kwamba yeye harudishwi, anaagwaje?"

Ndugu zangu, niwaeleze nilikuwa wapi siku zile, nilikuwa nimefunga siku ishirini na moja kwa ajili ya uponyaji wake, nimepiga marufuku neno kifo kutajwa ndani ya nyumba ile, nilidhani kulitaja ni kulikaribisha, binti yake alipotaka kumuuliza baba yake mambo ya siku za mbele nilimkatiza, mwanawe alipopiga simu kuuliza, "Shangazi, nije?" nilimwambia usisumbuke, baba yako anaendelea vizuri, tunza kazi yako, na nilipoona kadi ile niliona ni adui ameingia kupitia mwandiko wa kaka yangu mwenyewe, basi nikaigeuza kifudifudi mezani, nikasema, "Bibi, maswali yetu yameisha, tunashukuru," naye akasema, "Mbona naambiwa na waandishi wenzangu huwa ni kumi na mawili, nimehesabu kumi na moja," nikamwambia, "La kumi na mbili leo halipo."

Kaka aligonga meza kwa penseli mara mbili, sikumtazama, nikaaga, nikakata simu, na nilipoinua macho alikuwa ameshaichukua kadi yake, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, shati nililolishona mimi, na hakuniandikia neno lolote juu yake siku ile wala siku nyingine, angenikemea ningepona, akaniandikia tu, asante, umesoma vizuri.

Mahojiano yakatoka gazetini Jumamosi tarehe 25 Mei, swali la kwanza hadi la kumi na moja, chini yake nambari kumi na mbili, na mbele ya nambari hakuna kitu, nafasi nyeupe ya vidole vinne, mpanga kurasa yuko hapa, ameniambia alimtumia kaka ukurasa akidhani maneno yamepotea, na kaka, ambaye kwa miaka yote ile hakuruhusu hata nukta ikosekane, akaurudisha na maneno mawili pembeni, "Acha wazi," wasomaji wakapiga simu gazetini kulalamika kwamba mitambo imeharibika, mimi pekee nilijua kilichoharibika, nikaongeza siku za kufunga.

Jumatatu tarehe 3 Juni alizidiwa, tukamlaza hospitali, wodi ya pili, kitanda cha karibu na sinki, Jumatano jioni binti yake, bila kuniuliza mimi, akamwambia mdogo wake kwa simu, panda basi, na Alhamisi tarehe 6 Juni saa nne na dakika ishirini asubuhi wifi alikwenda kusuuza kikombe hatua tatu tu kutoka kitandani, mimi nimemshika mkono nikafumba macho kumwombea apone, ombi langu likawa refu kama kawaida yangu, na nilipofumbua alikuwa ameshakwenda, mkono umo mkononi mwangu na mimi sikujua ni kwenye neno gani la ombi alipotoka, mwanawe akafika saa tisa alasiri na begi mgongoni, akaniuliza, "Shangazi, si ulisema anaendelea vizuri?"

Mwanangu, uko pale nyuma umesimama, nakuomba msamaha mbele ya watu hawa, nilikunyima baba yako akiwa hai kwa jina la imani, na haikuwa imani, ilikuwa woga umevaa kanzu ya imani, na wewe binti yangu, na wewe wifi, nanyi pia, hakuna hata mmoja wetu aliyemuaga, naye alikuwa akingoja kuagwa, ameliandika kabisa, mimi nikaligeuza kifudifudi.

Hospitali ilitukabidhi nguo zake kwenye mfuko, kadi ilikuwa bado mfukoni imefungiwa kifungo, na juzi Jumamosi nilichukua simu nikampigia yule bibi, nikamwambia kwamba yule aliyekuwa akihema amefariki, na kwamba la kumi na mbili lilikuwapo, nilidanganya, nikamsomea, naye akasema, na nimeandika kila neno, "Sijui, mwanangu. Vitabu tisa, na sikuruhusiwa kumuaga mtu hata mmoja, kila nikifika ukurasa wa mwisho ilinibidi niwaketishe wote mezani wanacheka. Nina miaka themanini na minne na sijajifunza. Nyie ndio mnaozika. Mkimaliza, nipigie uniambie mlifanyaje."

Nitampigia kesho, nami sijui nitamwambia nini, labda nitamwambia tulikaa kwenye viti vya kuazima, tukasoma tarehe, tukalia, tukachelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, hasa muuguzi yule wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimsafishia tundu la shingo huku akimsimulia hadithi kana kwamba anajibiwa, tunawashukuru majirani mliopika na kuchota maji tangu Alhamisi bila kuombwa, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa gazetini na hasa mhariri, aliyetuambia kwamba Jumamosi hii nusu ukurasa utatoka mweupe, tunakushukuru Mchungaji kwa kunivumilia, na yeyote ambaye sikumtaja si kwa dharau, ni kwa sababu msahihishaji wangu hakuiona karatasi hii.

Kaka Sayari, Mungu alituazima wewe miaka hamsini na minane, miezi miwili na siku ishirini na tatu, na leo tunakurudisha kwa mwenyewe, sheria ya sufuria nimeivunja mimi, unarudi una tundu shingoni na swali mfukoni, sina cha kujitetea, kadi nimeirudisha mfukoni mwa shati ulilovaa, kifungo nimekifunga kama ulivyokifunga, pumzika sasa kwa amani ile ambayo sisi hatukuweza kukupa.